Bunga ya Fufu ku Moteri

Muguu yangu njo ilijua wa kwanza. Tulikuwa tumefika karibu ya kaziwa ka Lac Vert, ku njia ya Sake, tunatembea pole pole kati ya batu, na muguu ya kuume ikateleza ku kile kichuma cha kuwekea muguu. Nikairudisha. Ikateleza tena. Nikaangalia chini: kiatu yangu ya plastiki ilikuwa nyeusi na inangaa, na ku mupindo wa kikwembe ya mama mukwe yangu kulikuwa madoa, sawa vile mutu alimumwangia sosi.

— Papa batoto, simama. Kuko kitu inavuya.

— Nisimame wapi? Hauone batu?

— Simama, nakuambia!

Tulikuwa batatu juu ya ile pikipiki. Bwana yangu mbele, mama yake katikati, mimi nyuma nimekamata mama ku kiuno asianguke, na ku mugongo yangu kafuko ka bunga ya fufu nimefunga sawa mutoto; bido ya manjano, dumu yangu ya plastiki, tulikuwa tumeifunga kando. Batoto yetu balikuwa bametangulia Sake na dada yangu, mu kamio, ni kusema lori. Siku kidogo mbele ya pale mulima ulikuwa umetapika, ule moto wake ukashuka mpaka ku mulango wa muji, ukasimama. Tukashukuru Mungu. Kisha udongo ikaanza kutetemeka, muchana na usiku, vikombe vinalia ku meza, na asubui moja radio ikasema batu batoke haraka. Njo ile asubui. Goma yote ilikuwa ku njia: kamio, bashukudu, ile mikokoteni ya mbao ya magurudumu mawili, na magodoro juu yake, bamama na bido ku kichwa, mbuzi, batoto benye banakamatana mikono.

Mama mukwe yangu hakuweza kutembea. Nyonga yake ilivunjika zamani, ikajiunga vibaya. Kutoka ku kitanda mpaka ku mulango alikuwa anafika na fimbo yake, kisha anakaa, anasema: «Bon, leo nimesafiri.»

Bwana yangu akaingiza pikipiki kando ya njia, pale kuko kiukuta cha mawe nyeusi. Tukamushusha mama, tukamukalisha juu ya bido ya manjano. Nikainama. Yesu wangu! Chini ya moteri yote ilikuwa mafuta. Ilikuwa inatona tone, tone, tone, ingine inaangukia ku eshapema, ile bomba ya moto ya kutolea moshi, na kufuka. Harufu yake ilikuwa ya kitu imeungua.

— Ni lile jiwe, bwana yangu akasema.

Lile jiwe tulilipiga ku Mugunga. Gari ilimusukuma kando, pikipiki ikapanda juu ya jiwe ya volkano ya zamani, tukasikia chini «kwaa!», meno yangu ikagongana. Nilimupigia kelele pale pale. Na sasa nikaanza tena, mbele ya batu:

— Nilikuambia pole pole! Nilikuambia au sikukuambia? Weye unaona kila jiwe kisha unaenda kumusalimia!

Alipiga magoti, akaweka mukono chini ya moteri, akautoa mweusi. Uso wake ulikuwa uso nilishauona mara moja tu, na ile mara niiseme hapa, juu bila ile mutu hawezi kuelewa kitu gani tulikuwa tunaogopa.

Zamani tulikuwa tunaishi Kiwanja. Mimi ni mutoto wa Butembo, niliolewa kule Kiwanja. Vita ya uasi ikaingia mara ya kwanza, tukakimbilia shamba, tukarudi. Ikaingia mara ya pili, tukakimbia na miguu mpaka Goma, na kwa kutoka tuliacha baba mukwe yangu mu nyumba. Alikuwa mugonjwa, hakuweza kusimama. Yeye mwenyewe alisema: muende na batoto, mimi mutanikuta. Bwana yangu alimuwekea maji, alimuwekea ndizi zimepikwa, akavuta mulango. Hatukumukuta. Majirani balikuwa bamemuzika nyuma ya nyumba, chini ya migomba, na balimuzika vizuri, Mungu abariki mikono yao. Lakini bwana yangu ule mulango bado anauvuta mu usingizi. Njo juu ya ile tulitafuta pikipiki mbele ya kutafuta nyumba ya maana. Aliniambia: mutu wa nyumba yangu hatabaki tena nyuma juu hana miguu.

Basi pikipiki ikasimama pale Lac Vert, na mama yake amekaa juu ya bido.

Kulikuwa mutu mumoja anapita na bibi yake na batoto, mufuko wa vifungulio vya chuma ku bega, mikono ya mekanisiye, fundi wa moteri. Bwana yangu akamuita.

— Papa, samahani, utuangalilie hapa kidogo.

Ule papa akashusha mufuko, akainama, akapitisha kidole chini, akanusa. Bwana yangu akamuambia habari ya jiwe. Hakutafuta tena.

— Karteri, akasema. Ile sanduku ya chini njo inakamata mafuta yote, na jiwe imeipasua. Hapa ku njia mi sina kitu ya kufanya. Ukilazimisha, kilometre mbili, tatu, moteri inakauka, inashikana, inakufa. Muiache kwa mutu, muende na miguu.

— Na mama?

Ule papa akaangalia mama mukwe yangu. Mama mukwe yangu akamuangalia.

— Usiniangalie hivyo, mama akasema. Mi si mbuzi yenye unauza.

Kisha akageukia kijana wake.

— Weye, uniache hapa. Niko na rozari yangu, niko na kiti yangu ya bido. Mutanikuta.

Neno lile lile. Hakujua, au alijua, sijui. Bwana yangu akasimama, akatembea hatua tatu, akarudi.

— Nitakubeba ku mugongo.

— Mpaka Sake? Na ile mugongo yako inavunjika sawa sukari? Tutakufa bawili, kisha mukamwana atatuzika peke yake, na anachelewa kwa kila kitu.

Mi nilienda ku kiukuta, nikageukia mawe, nikasema Baba Yetu. Sikuomba kitu kikubwa. Nilisema tu: Bwana, unionyeshe kitu moja ya kufanya na mikono, juu nikisimama hivi nitalia, na nikilia mama ataona imekwisha.

Na kwa kusema amina nilikuwa naangalia ile bido ya manjano chini ya mama. Ilikuwa bido yangu ya kazi.

Kazi yangu ni kuuza mafuta ya mawese. Inakuya na makamio kutoka upande wa Beni, mi nainunua mu fito, mapipa makubwa ya chuma, naipima mu bido na mu chupa. Miaka kumi na tano naishi na mafuta, na kitu moja naijua kuliko bafundi: mafuta ni mubongo, inadanganya. Unaikuta chini, unafikiri fito imetoboka chini. Hapana. Imetokea juu, ku mufuniko ao ku kimushono, ikashuka pole pole bila mutu kuiona, ikaenda kujikusanya chini. Nilishapoteza fito nzima kwa kuziba chini. Mama mumoja muzee wa soko njo alinifundisha: pangusa fito mpaka ikauke, iparuze bunga nyeupe yote, kaa, angalia. Pale bunga itaanza kulowana wa kwanza, njo pale. Si pale kuko mafuta mingi. Pale inaanza.

Nikafungua kafuko ku mugongo.

— Papa mekanisiye, hiyo karteri uliiona imepasuka ao ulisikia habari ya jiwe?

— Mama, mafuta iko chini yote.

— Sikukuuliza mafuta iko wapi. Uliona pale imepasuka?

Bibi yake akacheka nyuma ya mukono.

— Tuache moteri ipowe, nikasema. Kisha tuipanguse.

Tulingoja ipowe. Nikatoa kikwembe yangu ya ndani, safi, ya kuendea misa, nikaipasua katikati. Bwana yangu akatoa esanse, petroli, kidogo ku tuyo, kabomba ka tanki, tukalowanisha kitambala, tukasugua ile moteri sawa vile unasugua sufuria ya mukwe: juu, chini, kila pembe, mpaka chuma ikatoka na rangi yake. Kisha nikachukua bunga mu kiganja, nikaipuliza kwa upande ya kuume, ingine nikaipakaza na vidole chini ya karteri. Moteri ikakuwa nyeupe, sawa mutu amepakwa jivu siku ya Majivu, lakini yake ilikuwa ya sherehe.

Batu bakaanza kusimama. Mu ile haraka yote, na udongo inatetemeka, batu bakasimama.

— Ee mama, unapikia pikipiki fufu?

— Na mboga yake ya sombe iko wapi?

— Na wengine tuko na njaa hapa!

Mama mukwe yangu, juu ya bido yake, akasema kwa sauti kubwa ili kila mutu asikie:

— Bunga ya kilo tatu! Nilisema kijana yangu aoe mwalimu, akaniletea huyu.

— Mama, usali rozari, nikamuambia. Fungu moja tu, pole pole. Mi nitaangalia.

Juu hatukukuwa na saa. Simu ya bwana yangu ilikuwa imezima tangu jana. Lakini fungu moja ya rozari naijua urefu wake: Salamu Maria kumi, sawa vile mama mukwe yangu anazisali, bila kukimbia.

Bwana yangu akapiga kiki, moteri ikaamka. Mama akaanza. Mi nikalala ku tumbo juu ya mawe, shavu karibu na udongo, macho chini ya karteri. Ile papa mekanisiye akachuchumaa kando, nikaona ameacha kucheka.

Salamu Maria ya kwanza: nyeupe. Ya pili: nyeupe. Chini, pale jiwe ilipiga, nikaona mukwaruzo murefu unangaa kati ya bunga, na mukwaruzo ulikuwa mukavu. Ya tatu: mukavu.

— Karteri iko muzima, nikasema.

— Ngoja kwanza, papa akasema.

Ku Salamu Maria ya ine, ikatokea. Si chini. Juu, ku kimufuniko penye unamiminia mafuta. Kialama cha kahawia, kidogo sawa jicho ya kuku, kikapanuka. Mama alikuwa anafika ya sita wakati ingine ikatokea, pale fimbo ya kiki inaingia mu moteri. Zote mbili zikaanza kushuka, zinachora njia mu bunga, zinakimbilia chini kukutana.

— Zima! papa mekanisiye akasema. Zima!

Akakaa juu ya visigino. Akapangusa uso, akajipaka bunga.

— Hii haiko kuharibika, akasema. Kitu mbili haziwezi kuharibika saa moja, na ku sehemu mbili, na zote zilikuwa sawa jana. Hapa kuko kitu inasukuma kutoka ndani. Moteri inapumua, mama. Iko na tundu yake ya kutolea pumuzi. Ikikosa kutoa pumuzi, inatoa mafuta.

Akapitisha mukono nyuma ya moteri. Kuko kituyo, kabomba chembamba cha kauchu, ya mupira, kinatoka juu, kinashuka nyuma, mutu hakioni kama hakitafute. Akakifuata na vidole mpaka ku mwisho wake. Akasimama hapo.

— Nani amefunga hii?

Ku mwisho wa ile kituyo kulikuwa kipande cha sashe nyeusi, ile mufuko ya plastiki, kimekunjwa mara mbili, kimefungwa na kamba ya kauchu ya pine, ya tairi kuukuu: imezungushwa mara tatu, kichwa chake kimeingizwa chini. 

Bwana yangu akainama. Akaangalia ile fundo. Akaangalia bido yenye mama yake alikuwa amekalia, penye mufuniko ulikuwa umefungwa na kauchu, mara tatu, kichwa chini. Kisha akaniangalia mimi.

Niseme ukweli. Mi nilijifunza kusoma nikiwa mama ya batoto batatu, mu masomo ya mangaribi ku parokia, nikitoka soko, mikono bado inanuka mawese. Kwa hiyo karatasi yote yenye inapita, naisoma mbele ya mutu mwengine, kwa sauti, na ninaifuata. Mulima ulipokwisha kutapika, karatasi ikapita ku avenue yetu juu ya jivu yenye inaanguka: tufunge madirisha, tufunike maji, tuzibe matundu. Niliisoma mbele ya familia nimesimama. Kisha nikaziba. Niliziba madirisha na magazeti. Niliziba tundu ya ufunguo. Niliziba katikati ya mbao kwa mbao. Na ku Goma pikipiki inalala mu salo, ku sebule, sawa mugeni, na yeye pia ako na matundu. Nani ataacha mugeni akule jivu?

Ile asubui ya kutoka, bwana yangu alipiga kiki mpaka shati ikalowana, pikipiki inakatala. Kumbe nilikuwa nimeingiza kitambala mu eshapema. Alicheka, mara ya kwanza tangu mulima. Mama mukwe yangu alisema: «Mukamwana amevalisha pikipiki leya, sawa mutoto mwenye anakojoa.» Bwana yangu akaniuliza kama kuko tundu ingine niliiziba. Nikamujibu: hakuna. Na nilisema ile bila kudanganya, nilikuwa nimesahau. Niliziba matundu mingi sana ile siku.

Sasa batu balikuwa bamesimama, bananingoja. Ningeweza kusema ni batoto. Batoto hawakuwa pale.

— Ni mimi, nikasema.

— Nani?

— Ni mimi nilifunga. Karatasi ilisema tuzibe matundu. Jiwe haikufanya kitu. Papa batoto hakufanya kitu. Nilimupigia kelele bure, ku Mugunga na hapa, na ninyi bote mulisikia, basi musikie na hii.

Kisha mama mukwe yangu akaanza kucheka. Alicheka na tumbo, bido ikalia chini yake, fimbo ikaanguka.

— Karatasi! Mungu wa mbinguni! Bahati yangu, hakuona matundu ya puwa yangu!

Hata bibi ya mekanisiye alikaa chini kwa kucheka. Mi pia nikacheka, na nilikuwa nalia, vyote viwili, bunga inafanya udongo ku mashavu.

Papa mekanisiye akafungua fundo. Haikufunguka kwa mara moja, juu fundo yangu haijafungukaka kwa mutu yenye haijue. Bwana yangu njo alimusaidia: akavuta kichwa, akazungusha mara tatu. Sashe ikatoka. Na kituyo kikafanya «fuuu», murefu, sawa mutu amefika nyumbani na kuvua viatu.

Tukapangusa tena. Nikapaka bunga tena. Kiki tena.

— Mama, usali.

— Fungu ingapi?

— Moja.

Akasali. Ya ine ikapita, nyeupe. Ya sita, nyeupe. Nilisikia bwana yangu anasali pamoja naye kwa sauti ya chini, yeye mwenye misa anaendaka kwa kusukumwa. Ya kumi. Ku kimufuniko: nyeupe. Ku fimbo ya kiki: kulikuwa unyevunyevu kidogo, sawa jasho ku mudomo wa juu, kisha haikuongezeka.

— Usizime, mama mukwe yangu akasema. Mi ninaenda juu yake, basi nasali fungu ya pili.

Na alisali ya pili yote, na Atukuzwe yake, na sisi bote tumesimama jua ku kichwa, batu banapita. Bunga ikabaki bunga.

Mekanisiye akatoa kile kimufuniko. Kiko na kijiti chenye kinaonyesha mafuta imefika wapi. Ku nchani tu kulikuwa alama. Akatafuta mu mufuko wake, akatoa chupa ya nusu, mafuta ya moteri safi, akaimimina yote, mpaka tone ya mwisho, anagonga chupa ku chini.

— Mutembee pole pole. Mukifika muangalie tena. Na ile fimbo ya kiki, siku nyumba zitakuwa nyumba tena, mubadilishe kauchu yake ya ndani, imelegezwa na kusukumwa.

Bwana yangu akaingiza mukono mu mufuko ya suruali. Ule papa akaukatala na kichwa.

— Bunga imebaki?

— Imebaki.

— Batoto yangu hawajakula tangu jana mangaribi.

Nikafungua kafuko, nikampa bibi yake nusu. Si ile ya kupaka pikipiki. Ile ya ndani kabisa, safi. Aliifunga ku pembe ya kikwembe, akaniambia: «Mama, ukifika Sake usisome kitu.» Tukaagana vile, tunacheka. Jina lake sikuuliza. Naombeaka yeye kila siku ya kwanza ya mwezi, nasema tu: ule papa wa chupa ya nusu, na bibi yake. Mungu anajua.

Tukamupandisha mama tena katikati. Nikamukamata ku kiuno. Pikipiki ilikuwa nyeupe upande moja sawa ilipita mu kinu ya bunga, na batu kando ya njia banaikamata na macho, banauliza. Tukapita batu bengi. Kisha bwana yangu, bila kugeuka:

— Mama batoto.

— Karibu.

— Kesho ukiona karatasi, uniite kwanza. Tuisome bawili.

— Nitakuita.

— Na ile fundo yako, utanifundisha vizuri. Nilikosa kichwa mara mbili.

Njo hiyo ilikuwa kusameheana kwetu. Kuko bibi benye banapewa maua. Mimi niliweka paji ya uso ku mugongo wa mama mukwe yangu, na mu mugongo wake nikasikia anacheka bado, peke yake, kidogo kidogo.

Tulifika Sake jua bado iko juu. Dada yangu na batoto balikuwa ku kiwanja ya kanisa moja, chini ya shiti. Kijana yangu wa mwisho alimuona nyanya yake juu ya pikipiki, akakimbia anapiga kelele: «Nyanya amefika! Nyanya amekuya na pikipiki ya bunga!» Bwana yangu alizima moteri. Alimubeba mama yake ku mikono mpaka ku mukeka, hatua labda kumi na mbili, akamuweka. Kisha akarudi ku pikipiki, akainama kama anaangalia mafuta, na alikaa pale akiinama wakati murefu kuliko ule wa kuangalia mafuta. Sikumufuata. Niliangalia moteri kisha: mukavu.

Moto haikutoka tena, muji haukuzama. Tulirudi, nyumba ilikuwa imesimama, imepasuka kidogo ku musingi. Magazeti yangu ilikuwa bado ku madirisha, mama mukwe yangu akakatala niitoe, anasema ni mapambo. Ile kipande ya sashe nyeusi na kauchu yake hakuitupa. Sikujua aliichukua saa gani pale Lac Vert. Ilikuwa imefungwa ku pembe ya kikwembe chake, pamoja na medali yake ya Bikira, na mugeni akikuya, anaifungua, anaionyesha.

— Unaona hii? Hii njo ilitaka kuniacha ku njia. Na yenye ilinitoa ku njia ilikuwa bunga. Vyote viwili ni vya mukamwana.

Kisha uasi ikarudi tena, ikashuka kutoka Rutshuru, ikakaribia muji, tukasikia mizinga upande wa mulima. Hatukungoja radio. Batoto bakabeba vyao, bwana yangu akatoa pikipiki mu salo. Mama mukwe yangu alikuwa wa kwanza ku mulango, na fimbo yake, amevaa, rozari ku shingo, sawa mutu anaenda ku ndoa.

— Mukamwana!

— Mama.

— Umeangalia kile kituyo?

— Nimekiangalia, mama.

— Na kidole?

Nikapiga magoti mbele ya batoto yangu na majirani, nikapitisha mukono nyuma ya moteri, nikafuata kituyo mpaka mwisho, nikaweka kidole. Bwana yangu akapiga kiki. Pumuzi ikanigusa ku kidole, ya uvuguvugu, inasukuma, inaacha, inasukuma.

— Inapumua, nikasema.

— Bon, mama akasema, akanipa fimbo yake nimukamatie. Basi munipandishe.